Hatua Tatu Juu

Katika siku yangu kuna nusu saa moja tu isiyo na mwenyewe. Kabla yake ni uji na sare za shule; baada yake ni duka langu la pembejeo pale Sokon I, ambako wateja wa Olmotonyi huja kununua dawa ya kupe na hawaondoki mpaka wakusimulie ukoo mzima wa ng'ombe. Nusu saa hiyo, sala ya asubuhi ikishaisha, hubaki kanisani Kijenge nikijifunza jazi kwenye kinanda cha kwaya. Ufunguo wa mlango alinipa Mwalimu Gidion, mpiga kinanda wetu kwa miaka thelathini sasa. Hakuuliza napiga nini.

Nakiri mimi ni mvivu. Wimbo ninaoufuata kwenye simu uko juu, na vidole vyangu vimezoea chini. Kinanda kina kitufe kinachopandisha sauti zote: unapiga palepale ulipozoea, wimbo unatoka juu. Nilikipandisha hatua tatu. Jumamosi mteja akapiga simu, nikazima kinanda nikakimbia bila kukirudisha. Na kinanda chetu hata kikizimwa hakisahau.

Jumapili Mwalimu alipiga wimbo wa kwanza kama alivyoupiga maisha yake yote. Kufika ubeti wa pili, waimbaji wa sauti ya kwanza, ile ya juu, walikuwa wanapiga kelele tu, na mama mmoja alifunga kitabu akakaa. Mwalimu akatazama vidole vyake; vilikuwa mahali pake. Yeye anajua kuwasha, kuzima na kuongeza sauti, basi. Mimi nilijua kilichotokea, nikanyamaza.

Baada ya ibada, watu wakinadi ndizi na mayai ya sadaka uani, aliniita.

"Mama Anande, masikio yameniacha," alisema. "Nasikia kitu ambacho mkono haujapiga. Leo namwambia mchungaji atafute mwingine."

Nikisema, nusu saa yangu inakwenda. Nikinyamaza, anakwenda yeye. Naona haya kusema kwamba nilipima kwanza.

"Mwalimu, masikio yako hayana shida. Ni mimi."

Nikamrudisha ndani kwenye kinanda, nikamwonyesha kitufe, nikakirudisha. Akabonyeza sauti moja, akasikiliza, akabonyeza tena.

"Kwa hiyo nilisikia sawasawa."

"Ulisikia sawasawa, Mwalimu. Nisamehe."

Machozi yalimlengalenga. Kisha akaniuliza nilikuwa napiga nini.

"Jazi."

"Ile ya dansi?"

"Ni binamu yake."

Hakucheka. Alinyoosha mkono, nikampa ufunguo. Nilirudi nyumbani nikamkaripia mume wangu kwa sababu ya chumvi, na chumvi haikuwa na kosa lolote.

Jumatatu nilikwenda kusali tu. Watu walipotoka nami nikainuka, nikamwona Mwalimu amekaa kando ya kinanda. Kile kitufe alikuwa amekibandika plasta ya kidonda.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Kaa, muda unakwenda. Piga hiyo jazi yako hukohuko juu inakokaa, kwa vidole."

"Nitakosea sana."

"Kosea," alisema, akisogeza kiti chake karibu. "Nitakuambia wapi. Mimi nasikia."