Sauti Nyuma ya Ukuta

Kwa mila ya Wanyakyusa, Angetile hakupaswa kuonana uso kwa uso na baba mkwe wake. Lakini mzee Anyelwisye, mpenda vitabu, alikuwa amepofuka. Basi kila jioni Angetile alikaa nyuma ya ukuta wa jiko, akamsomea riwaya ya Waingereza wa karne ya kumi na tisa.

Leo tajiri wa kitabuni alimkataza mwanawe kumwoa binti wa kibarua. Angetile akanyamaza. Baba yake alikuwa kibarua katika shamba la kakao la mzee huyu. Ukoo mzima wa mumewe ulipomkataa Angetile, mzee peke yake alisema aolewe.

“Mbona kimya?”

“Ndaga, tata. Asante, baba, kwa kunipokea.”

Mzee akafyonya. “Mpumbavu sana tajiri huyo! Akipofuka, atasomewa na nani?”