Unga Tunaotumia Sisi

Siku mdogo wangu alipotutoka, shati la mteja lilibaki juu ya meza ya pasi, mkono mmoja umenyooshwa na mwingine bado. Lilikuwa shati jeupe la mwalimu wa sekondari. Nililimalizia mwenyewe, kwa sababu mwalimu alikuwa na kazi kesho yake na hakuwa na kosa lolote.

Sisi ni madobi. Mama alianza kwa kufua nguo za majirani kwa mikono, nasi tukakulia ndani ya povu. Sasa tuna mashine, boila ya mvuke, chumba cha pasi na uwanja wa kuanikia nyuma ya nyumba. Mama anapokea nguo na kutoa madoa. Mume wangu alikuwa anafua na kupeleka mizigo, mimi naanika na kukunja. Mdogo wangu ndiye aliyepiga pasi, na alipiga vizuri hadi watu wakasahau jina lake wakamwita Nyoosha. Hata Mama alimwita hivyo, na yeye ndiye aliyempa lile jina la kwanza.

Msimu ule tulipata shuka za hoteli, kazi ya kutukimbiza kweli kweli. Nyoosha akawa haonekani mezani kula. Nikimwambia apumzike, anacheka.

"Dada, siku hizi mimi nina moto kuliko pasi."

Nilidhani ni mzaha wake tu. Alikuwa mtu wa mizaha.

Asubuhi ile nilimsikia anaongea peke yake, haraka haraka, kama mtu anayenadi bidhaa. Nilipoingia nilimkuta amevua shati, macho yamemtoka, ameegemea ukuta akiuambia unyamaze. Nilimshika mkono. Mimi nimezoea kushika vitu vya moto, lakini mkono ule nusura niuachie. Hatukufika mlangoni. Alianguka, mwili ukakakamaa, ukaanza kutikisika. Mume wangu alimbeba hadi kwenye gari la mizigo, tukamlaza juu ya mafurushi ya foronya, Mama akampakata kichwa.

Hospitali walimpokea vizuri. Wengine walimkimbiza ndani, nesi mmoja akabaki nasi na karatasi yake.

"Mama, nisaidie ili tumsaidie. Kijana anatumia unga?"

"Anatumia," Mama akajibu hapo hapo.

"Tangu lini?"

"Tangu mdogo. Amekulia humo."

Nesi aliacha kuandika. "Ulijua, na hukumzuia?"

"Nimzuie vipi, mwanangu? Nyumba nzima tunatumia unga. Mimi mwenyewe leo nimemaliza ndoo."

Nesi alimtazama Mama kuanzia kichwani hadi kwenye kandambili, kisha akanigeukia mimi. Hapo ndipo nikaelewa.

"Dada, sisi ni madobi," nikasema. "Mama anazungumzia sabuni ya unga."

Mzee mmoja kwenye benchi aliangua kicheko, na mimi kicheko kilinipanda hadi kooni, Mungu anisamehe.

"Basi dawa za kulevya hatumii?"

"Hatumii," tukajibu mimi na Mama kwa pamoja, na tuliamini hivyo.

Mume wangu alikuwa amesimama mlangoni, anajiuma mdomo. Nilimwona anataka kusema, anaacha. Mwishowe akasema, "Kuna kitu anaagiza mtandaoni. Lakini si dawa, dada nesi. Ni halali."

Akatoa mfukoni paketi tupu inayong'aa, imechorwa jua linalocheka. Juu yake imeandikwa kwa herufi kubwa: HALALI. Chini, kwa herufi ndogo za kukodolea macho: chumvi ya kuogea, si ya kuliwa. Nesi aliichukua akaenda nayo mbio.

Mama alikuwa ameitambua. "Hiyo nimeshawahi kuikuta stoo nikalowekea vitambaa vya meza. Haitoi povu, haitoi doa. Nikamwambia Nyoosha, mwanangu, hapo umepigwa."

"Akasemaje?" nikamuuliza.

"Alicheka mpaka akakaa chini."

Walimfunika barafu, wakamtundikia maji, wakamchoma sindano za kumtuliza. Joto halikushuka. Moyo wake ulikimbia mbio ambazo hakuna aliyeweza kuzifikia, na kabla ya jua la mchana kupungua ukasimama.

Daktari alitutafuta mwenyewe. Alikuwa mama wa makamo, mtaratibu, alivuta kiti akakaa nasi usawa mmoja. Alituambia kwamba vitu vile hutengenezwa kwa kuiga dawa zilizopigwa marufuku. Sheria ikikamata kimoja, wanakibadilisha kidogo na kukirudisha sokoni kama kitu kipya. Wanaandika chumvi, au mbolea ya maua, au ubani, ili asiulizwe mtu. Paketi ni ile ile, picha ni ile ile, ndani kila mara kitu kingine. Vingi havitokei hata kwenye vipimo vya kawaida vya hospitali.

"Havijajaribiwa kwa panya," alisema. "Panya ni hawa vijana wetu."

"Lakini wameandika halali," nikasema.

"Maana yake sheria bado haijakifikia. Haina maana nyingine." Kisha akauliza, "Alikuwa anafanya kazi mahali pa joto?"

"Chumba cha pasi," Mama akasema.

Daktari aliinamisha kichwa. Alieleza kwamba vitu hivyo humwondolea mtu uchovu na hamu ya kula, na pia huuchemsha mwili kutoka ndani. Ukiongeza na mvuke, mwili hauna pa kutolea moto. Mama alisikiliza yote. Mwisho aliuliza tu kama anaweza kurudishiwa suruali ya mtoto wake aifue. Mume wangu aliikodolea macho sakafu, nami nilidhani ni majonzi.

Tulimzika, wageni wakaja, wakaondoka. Kazi ikaendelea kwa sababu nguo za watu hazijui msiba. Mume wangu akahamia kwenye pasi. Tulimwonea huruma, maana alifanya kazi ya watu wawili bila kulalamika. Chakula alikigusagusa tu. Akilala, alisaga meno. Nilijiambia kila mtu analia kivyake.

Nilijua ukweli tukikunja shuka.

Shuka kubwa haikunjwi na mtu mmoja. Mnasimama mbalimbali, kila mmoja ameshika pembe mbili, mnaivuta ikazwe, mnasogeleana mpaka mikono ikutane, mnarudi nyuma tena. Hiyo kazi nimeifanya tangu utoto na mdogo wangu, na katika kukunja ndipo tulipokuwa tunaambizana mambo yote. Mchana ule nilikuwa na mume wangu uwanjani. Upepo hakuna. Tulipoikaza, shuka ikatetemeka. Nilitazama mikono yangu, imetulia. Ilikuwa inatetemeka upande wake.

Nilimsogelea kama kawaida, pembe zangu zikafika kwenye vidole vyake. Vilikuwa vya moto.

"Na wewe unatumia," nikasema.

"Kidogo tu." Hakujifanya hakuelewa. "Tulikuwa tunaagiza pamoja. Mimi natumia nusu ya aliyotumia yeye."

"Nusu ya nini? Umejuaje mle mna nini?"

"Napima kwa kijiko cha wanga wa nguo, mke wangu. Si kwamba nafakamia." Kisha sauti ikamshuka. "Nikiacha naanguka kama gunia. Na nikikaa bila kazi namwona. Kazi hii nani ataimaliza?"

Nilikuwa nahesabu nani amebaki katika nyumba ile, nikaona nikimpoteza huyu nitabaki na Mama na mashine. Sijui kupiga kelele. Ningejua, ningepiga siku ile.

Mama alitoka stoo na beseni kiunoni. Masikio yake hayajazeeka.

"Mkwe wangu," akasema, "hiyo shuka mnaikunja au mnaipepea?"

"Tunazungumza, Mama."

"Nimesikia. Iko wapi?"

Mume wangu alijishika mfuko wa shati bila kukusudia. "Mama, mimi si mlevi. Polisi akinikuta nayo hanifanyi kitu. Ni halali."

"Hata blichi ni halali," Mama akasema. "Iko pale, dumu zima, imelipiwa kodi. Mbona hunywi?"

Mume wangu alilitazama dumu.

"Nimeshazika mmoja mwenye nguvu za kazi," Mama akaendelea, sauti ile ile anayotumia kumwambia mteja nguo yake haijakauka. "Wewe sikuhitaji uwe na nguvu. Nakuhitaji uwe mvivu, ukorome, ulalamike chakula hakina chumvi. Mkwe mvivu nitamsema kwa majirani nife na raha yangu. Sasa nipe hiyo takataka kabla beseni halijanivunja mgongo."

Mume wangu alicheka, na kicheko kikageuka kikawa kitu kingine. Alilia amesimama, pembe za shuka bado mkononi, hakuziachia ziguse chini. Dobi ni dobi. Nilimalizia kuikunja kwa upande wangu hadi nikamfikia, nikaiweka kapuni, ndipo nikamshika.

Paketi hatukuimwaga. Daktari alikuwa ametuomba, tukiipata nyingine, tumpelekee ipimwe. Tuliipeleka jioni ile ile, sisi watatu ndani ya gari la mizigo, Mama katikati kaishikilia kwa ncha za vidole kama soksi ya mteja. Daktari alimpima mume wangu moyo, akauangalia mstari wa mashine kwa muda mrefu, akasema alale pale. Alilala wodini mpaka mikono ilipotulia. Baadaye majibu ya maabara yalituambia kwamba ndani ya paketi yake, yenye jua lile lile, mlikuwa na kitu tofauti na kile kilichomuua Nyoosha. Hata kijiko cha wanga kingepima nini hapo?

Siku za kwanza nyumbani zilikuwa ngumu. Alilala mchana kutwa, akaamka na hasira, akaomba radhi, akalala tena. Mama alimletea uji na kumsimanga kwa uvivu, kwa sauti ya kusikika hadi kwa jirani. Shuka za hoteli tulizirudisha. Meneja alituambia hatufai kwa kazi kubwa, tukakubali.

Sasa moyo wa mume wangu una mapigo yanayoruka, na daktari amesema huenda yasirudi sawa. Anameza kidonge kila asubuhi, kliniki anakwenda kila mwezi, na chumba cha pasi amekatazwa kabisa. Kwa hiyo yeye anaanika, na mimi ndiye ninayepiga pasi.