Mwenye Ua

Lüdeke hakuwa na shamba, hakuwa na farasi, hakuwa na mke, na hadi miaka hamsini na nane hakuwa na cheti cha shule. Alikuwa na bustani ndogo iliyozungushiwa ua wa miti, kona aliyogawiwa na baba yake. Ndivyo ilivyo kwetu Westfalia: mkubwa huchukua nyumba na mashamba, mdogo hupewa kona, wala haoi.

Watu walimwita Hagestolz, neno letu la kapera aliyezeeka. Mwisho wake husikika kama kiburi, na ndivyo walivyolielewa wote, hata Alwine, mjane wa mwoka mikate, aliyemsubiri aseme neno miaka kumi na moja. Jumapili moja, akimmiminia kahawa, alimwambia, "Wewe endelea kujivunia ua wako, Lüdeke. Mimi Pasaka nahamia kwa dada yangu Bremen, na sirudi."

Juma lile, katika darasa la jioni alikosomea cheti chake, mwalimu Overbeck alimtaka kila mtu alete neno la kuchimbua. Lüdeke alileta lake. Mwalimu akafunua kamusi nene, akasoma taratibu. Mwanzo wa neno ni ua. Mwisho wake, zamani sana, ulikuwa "mwenye". Ni mdogo wa ukoo aliyepewa kipande kisichotosha kulisha mke. Kiburi kilisikika baadaye, maana ya kale iliposahaulika.

"Kumbe si kiburi," alisema Lüdeke.

"Ni njaa, Mzee Lüdeke. Kwani wewe una njaa?"

Darasa likacheka, naye akacheka. Miaka ishirini na sita alikuwa akipokea mshahara wa kiwanda cha maziwa.

Alirudi kwa miguu ndani ya ukungu mweupe. Kando ya njia aliwaona wadogo wote wa karne zilizopita, kila mmoja ndani ya ua wake, viwiko juu ya matawi, wakitazama moshi wa nyumba za kaka zao. Walikuwa wamekonda. Alipowapungia mkono, walimtazama viatu vyake vizuri, kisha wakayeyuka polepole, mmoja baada ya mwingine.

Asubuhi akaandika barua: "Alwine, sikunyamaza kwa kiburi. Niliishi kwa sheria ya watu wenye njaa, nami nimeshiba siku nyingi. Usiende Bremen. Kubali nikuoe, na ua nitaukata papite wawili."

Akaikunja, akalamba gundi ya bahasha, akaibana kwa kiganja mpaka ikashika, akaitumbukiza katika sanduku la posta.