Nafasi Isiyorudishwa

Mama alipangiwa upasuaji wa koo siku ya Alhamisi, na daktari hakutuficha: uvimbe utatoka, na sauti itakwenda nao. Tulikuwa na wiki tatu kabla ya siku hiyo. Dada yangu, mwenye mimba ya miezi saba, alitaka mtoto wake aje amsikie bibi yake, nami nikamtengenezea kinasa sauti kwa kompyuta ndogo iliyokuwa imelala kabatini.

Kazi yangu ni kurekebisha kiini cha mfumo wa kompyuta, ile programu inayoendesha nyingine zote, hasa sehemu inayotunza mafaili kwenye diski. Niliisoma mwenyewe nilipokuwa bado fundi redio. Wiki hizo za kungoja upasuaji nilikuwa naondoa hatua ambazo kiini huzifanya bila sababu. Programu ikiomba faili likatwe lifikie urefu fulani, kiini hulifunga faili, hupekua orodha ya vipande vyake, hukagua kipande cha mwisho, ndipo hujibu. Niligundua kwamba mara nyingi urefu unaoombwa ni uleule ambao faili tayari linao. Nikaongeza mistari miwili ya maagizo: kama urefu haubadiliki, rudi bila kugusa kitu.

Nilijaribu mara laki moja. Muda ukashuka hadi chini ya robo. Mzee tunayemwita Mwalimu, anayepitia kazi zetu kabla hazijakubaliwa, aliniandikia swali moja tu: “Kuna anayeitegemea hiyo kazi unayoiruka?”

“Hakuna,” nikamjibu. Sikuwa nimetafuta. Kwenye kinasa cha dada nikaweka toleo hilo jipya, nikiamini nimewafaa.

Kila alasiri dada alikiweka juu ya stuli kando ya kitanda.

“Kimeanza?” Mama aliuliza, sauti ikikwaruza.

“Kimeanza, Mama. Si unaona taa?”

“Haya. Mjukuu wangu, mama yako huyu akioshwa kichwa alikuwa analia utadhani anachinjwa. Akikusugua kwa nguvu, mwambie bibi amenieleza yote.”

“Mama! Hayo ndiyo ya kumwachia mtoto?”

“Ulitaka nimwachie nini, hii mito ya kitanda?”

Jumatano, siku ya mwisho, Mama alinitoa chumbani. Alizungumza na tumbo la dada karibu saa nzima.

Jumamosi, siku mbili baada ya upasuaji, dada alinipigia simu. “Njoo uone kidude chako.”

Faili la Jumatano lilikuwepo kwa jina tu. Ndani hamkuwa na kitu. Diski ilisema imejaa, ingawa yote tuliyorekodi hayakufika hata robo yake. Niliketi sakafuni nikafuata hatua moja baada ya nyingine. Kabla ya kuanza, kinasa hushika nafasi ya kurekodi kwa muda wa saa sita ili kisiishiwe katikati. Kikimaliza, huomba faili likatwe kwa urefu wake uleule, na kwa ombi hilo kiini hurudisha nafasi iliyobaki. Mimi ndiye niliyeliruka ombi hilo. Kila alasiri saa sita zilishikiliwa kwa ajili ya mazungumzo ya nusu saa. Nilipima muda mara laki moja. Nafasi iliyobaki sikuipima hata mara moja.

“Imefutika?” dada aliuliza.

“Haikunaswa kabisa. Ile taa ilikuwa inapepesa, inawaka na kuzima, siyo?”

“Ilikuwa inapepesa. Nilidhani imechangamka.”

Sikuwa nimemweleza kwamba taa iliyotulia ndiyo inayonasa, na inayopepesa ni onyo. Nilimwandikia Mwalimu kwamba jibu langu lilikuwa la uongo, na kwamba mistari ile iondolewe. Kisha tukaenda hospitali.

Mama alikuwa na bandeji shingoni na daftari mapajani. Nilimweleza yote kwa mpangilio, bila kujitetea. Aliandika: “Mistari miwili tu?”

“Miwili, Mama.”

Akanipiga kikofi chepesi begani, kile cha tangu utotoni.

“Ninayoyakumbuka nitamwambia mtoto,” dada alisema, “lakini katikati nilisinzia, Mama. Nilijua kinanasa.” Akaanza kulia.

Mama akamwashiria anyamaze, akafungua ukurasa mpya. Aliandika mistari mitatu, akaisoma, akaikata. Akaandika mingine, nayo akaikata. Kisha akatugeuzia daftari ili tusome mstari mmoja uliobaki chini:

“Nikiandika haichekeshi.”

Akaweka kalamu chini, akamshika dada tumbo kwa mikono yote miwili.