Ukurasa wa Mia na Arubaini

Kompyuta ilifika ofisi ya vizazi na vifo ya Tanta, Misri, siku ya Jumapili, mwanzo wa juma la kazi, na mfumo endeshi mpya, na kitabu kimoja cha maelekezo. Kitabu kiliandikishwa chini ya dhamana ya Ustadhi Bayumi, naye akakifungia kabatini kisichakae. Alikisoma peke yake hadi ukurasa wa mia na arubaini, akafa.

Kwa kanuni, kilicho chini ya dhamana ya mtu hakiguswi mpaka mwenyewe atie saini ya kukikabidhi. Basi arubaini yake ilipopita, Ustadhi Bayumi alirudi kazini saa tatu asubuhi, ufunguo mfukoni. Bawabu akamwambia amechelewa. Bi Inshirah, aliyekiandika cheti chake cha kifo, akamsogezea kiti.

"Nifundishe, Ustadhi. Atakayekuwa wa kwanza kwenye mtihani wa kompyuta wa Alhamisi ndiye mkuu wa kitengo."

Bi Inshirah alikuwa na mkataba wa muda, mwaka wa ishirini na mbili sasa, na kila Juni roho ilikuwa mkononi mpaka uongezwe.

"Keti. Usiikodolee macho hivyo, haiumi."

Marehemu alisoma, yeye akabonyeza. Alipoteza mafaili, akayapata. Alifuta watoto wote wa mwezi wa Machi, akawarudisha kabla ya chai. Jumanne wakafika ukurasa wa mia na arubaini.

"Hapa ndipo nilipofia," Ustadhi alisema. "Mbele sipajui."

Kurasa zilizobaki Bi Inshirah alizisoma mwenyewe, huku akijaribu kila jambo kwa vidole vyake.

Alhamisi alipata mia kwa mia. Ustadhi Bayumi, ambaye jina lake halikuwa limefutwa orodhani, alipata arubaini na saba. Mkurugenzi akasoma matokeo, akamteua Ustadhi Bayumi.

"Bwana Mkurugenzi, huyu si amekufa? Cheti nimeandika mimi!"

"Amekufa, nani kabisha? Lakini ni mwajiriwa wa kudumu. Wewe ni wa muda, dada yangu."

"Mabruki, Ustadhi, hongera," bawabu alisema, akaenda kuchemsha chai.

Bi Inshirah alilia chooni, akanawa uso, akarudi mezani.

Jumapili Ustadhi Bayumi aliwahi. Alikaa kwenye kiti kikubwa, akafungua ukurasa wa mia na arubaini na moja, akakohoa.

"Inshirah, mwanangu. Hapa wanasemaje?"

Bi Inshirah akavuta kigoda, akamfundisha. Mwezi wa Juni mkataba wake uliongezwa mwaka mmoja, wa muda, kwa saini ya Ustadhi Bayumi na muhuri wa serikali wenye tai.