Mshono Wenye Mkia

Gari la Asukile lilisikika Ipogolo, mjini Iringa, kabla halijavuka daraja. Faustina Mgaya, aliyekuwa amechuchumaa akipuliza jiko la chai nyuma ya gereji yake, aliinua kichwa na kusema peke yake, "Huyo anakuja kwangu." Hakukosea. Miaka kumi na minne ya kulala chini ya magari ilikuwa imempa sikio ambalo hata mwenyewe alilionea fahari, na alikuwa anajiamini mpaka mafundi wa jirani walimsema pembeni kwamba ana mdomo. Mdomo alikuwa nao kweli. Ila na kazi alikuwa nayo, na hilo ndilo lililowauma.

Prado ya zamani, rangi ya maziwa, iliingia ikinguruma hadi kuku wa mama ntilie wakatawanyika. Akashuka mwanamume wa makamo aliyevaa koti zito, baridi ya Mbeya bado iko mabegani mwake.

"Kamwene, mama fundi."

"Kamwene. Zima kwanza hilo dude, baba, tusalimiane kama watu."

Mgeni akacheka, akazima. Alijitambulisha kwa jina la Asukile, mtu wa Uyole, Mbeya. Kwa miaka sita alikuwa anabeba wachimbaji wa dhahabu kwenda Makongolosi, na huko gari hata lingelia vipi, hakuna aliyegeuza shingo. Sasa mambo yamebadilika. Kuna kambi ya wageni mbele ya Idodi, karibu na geti la hifadhi, inataka gari moja la kutembeza watalii kiangazi chote. Kesho Jumapili asubuhi, meneja wa kambi, mtu anaitwa Joachim, atapanda naye mpaka walipo tembo, gari likiwa linawaka. Tembo wakitulia, kazi ni yake. Tembo wakikimbia kwa sababu ya kelele, ageuze arudi kwao.

"Na kwetu kwenyewe hakuna pa kurudi," Asukile alisema. "Wachimbaji nimeshawaaga. Wana dereva mwingine tangu Jumatatu. Nina watoto watatu shuleni, dada. Nimeiweka roho yangu yote kwenye hii safari."

Faustina alimwangalia, akaliangalia gari, akanywa chai yake funda moja.

"Tembo hawatageuza hata sikio," alisema. "Wakigeuza, nitakuja mwenyewe huko Idodi nimwambie huyo Joachim kwamba kosa ni langu, si lako."

Asukile alifurahi kusikia hivyo. Akafungua mlango wa nyuma, akatoa kwa heshima kitu kilichofungwa kwenye kanga kuukuu: sailensa mpya inayong'aa, yenye mdomo mpana unaotosha kuingiza ngumi. Aliinunua sokoni Mwanjelwa. Muuzaji alikuwa amemhakikishia kwamba ndiyo ya kisasa kabisa.

"Ya kisasa ni kweli," Faustina alisema, akiipokea na kuipima uzito mkononi. "Hii wanafunga vijana wanaotaka mtaa mzima ujue wamerudi. Ukiifunga hii, tembo watahamia Zambia."

Akaingia stoo, akarudi na mbili nyingine, akazipanga zote tatu juu ya gunia. Ya pili ilikuwa mpya pia, ya bei rahisi, bati lake jembamba. Ya tatu ilikuwa ya mtumba, imepauka, imekwaruzwa, haina sura ya kumvutia mtu. Akachukua mpini wa nyundo, akaigonga ya kwanza: ikalia kama kengele. Akaigonga ya pili: ikalia kama debe. Ya tatu ilitoa mlio mfupi, mzito, kisha kimya. Akaisimamisha wima na kuitikisa kwa nguvu. Hakuna kilichocheza ndani, na juu ya gunia hakukuanguka kutu hata chembe.

"Unasikia? Ndani bado kumejaa. Vyumba vyake vyote vizima," alisema. "Na mdomo wake ni saizi ya bomba lako, hatulazimishi kitu. Ya Mwanjelwa rudi nayo, ukampe shemeji apandie maua."

Asukile alikuna kichwa kidogo kwa ajili ya sailensa yake, lakini hakubisha.

Kazi ikaanza. Faustina aliliingiza gari hadi juu ya shimo la kufanyia kazi, akachomoa waya wa betri ili umeme wa kuchomelea usije ukaunguza vitu, akazimwagia nati zilizoshikwa na kutu mafuta ya kuzilegeza, kisha akaziacha zinywe wakati anamaliza chai. Aliposhuka shimoni, mdomo wake ulishuka naye. Kila alichokiona huko chini alikitangaza juu. Raba za kuning'inizia zimekatika, wamefunga waya! Gasketi wamebandika ya bati la debe! Na viraka, kiraka juu ya kiraka!

"Hao mafundi wenu wa Mbeya, baba, wanachomelea wamefumba macho?"

"Mwe, dada! Watu wa Mbeya wamekukosea nini?"

"Wamenikosea kuzaliwa na mikono halafu wakaikalia."

Saulo, fundi wa gereji ya jirani, aliacha tairi lake akaja kucheka vizuri. Asukile naye alicheka, maana alikuwa mtu wa utani na siku ilikuwa inaelekea kuwa nzuri. Sailensa ya zamani ikakatwa, ikaanguka na vumbi lake la kutu. Ile ya mtumba ikaning'inizwa kwa raba mpya. Faustina hakuichomelea moja kwa moja. Aliidonoa kwa moto kwanza sehemu tatu ndogo, akalizungusha jicho kuhakikisha bomba haligusi chasisi wala ekseli, ndipo akashona mzunguko mzima. Akakaza nati akianzia mbele kwenda nyuma. Mwisho akarudisha waya wa betri, akamwambia Asukile awashe, akaziba mdomo wa bomba kwa tambara bichi na kupaka povu la sabuni kwenye kila mshono. Hakuna povu lililochemka.

Akatoa tambara. Gari lilitulia kweli. Mama ntilie alipiga vigelegele, na Asukile akashuka akiwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili.

"Ndaga fijo, asante sana, dada. Naona kama ni gari la mtu mwingine. Ngoja niwahi barabara."

Faustina alitega sikio. Alikuwa ameinamisha kichwa.

"Rudi ndani. Kanyaga mafuta taratibu."

Asukile akakanyaga. Chini ya utulivu ule kulikuwa na kitu, mlio mzito wa mbali, kama mtu anayepiga ngoma nyumba ya tatu.

"Hiyo ndogo tu," Saulo alisema. "Nani ataisikia hiyo?"

"Mimi nimeisikia," Faustina alisema. "Na tembo ana masikio makubwa kuliko yangu."

Akarudi shimoni. Safari hii hakugusa sailensa. Akaenda mbele, kwenye lile kopo nene lililo katikati ya injini na sailensa, akaligonga kwa mpini wa nyundo. Likalia utupu. Hapo Faustina alipandwa na hasira hasa. Alipanda juu akiwa na masizi mpaka kwenye kope, akamweleza Asukile kwa sauti ambayo gereji tano ziliisikia. Ndani ya lile kopo hukaa masega, kitu chenye matundu madogo madogo mithili ya sega la nyuki, kazi yake ni kusafisha moshi na kuvunja makali ya sauti kabla haijafika nyuma. Ya gari hili hayapo. Mtu alipasua kopo, akayachomoa, akayauza, akafunga kopo tupu akashona. Sauti inaingia humo inacheza ngoma.

"Huyo si fundi, ni mwizi! Ningemjua ningemfuata hukohuko aliko nimnyang'anye spana!"

Akashuka tena na brashi ya waya ili asafishe ule mshono wa zamani apate pa kukatia. Masizi yakapukutika. Chuma kikaonekana. Na brashi ikasimama.

Mafundi wengi wakifika mwisho wa mshono huacha. Faustina, tangu akiwa mwanafunzi, mishono yake ya mwanzo ilikuwa inapasuka mwishoni, basi akajizoesha kurudi nyuma kidogo na kupinda kando, mkia mfupi kama wa alama ya koma. Hakufundishwa na mtu. Hakuwahi kuuona kwa fundi mwingine, si Iringa wala kwingine. Na mkia ule ulikuwa hapo, mbele ya pua yake.

Akakumbuka vizuri sana. Ilikuwa miaka tisa nyuma, wakati ule madereva wote walipokubaliana kwamba masega yanaziba gari pumzi, na kwamba asiyeyatoa hatapanda mlima wa Kitonga bila kuchemsha. Walikuja wenyewe kwa miguu yao, wakaomba. Yeye aliamini kama walivyoamini. Wanunuzi wa masega, waliotafuta madini ya thamani yaliyomo, walipita kila wiki na mizani yao, na masega ya magari kumi na mawili ndiyo yaliyomnunulia mashine ya kuchomelea, ambayo sasa hivi ilikuwa inanguruma taratibu juu ya kichwa chake.

"Baba Asukile," aliita kutoka shimoni. "Hili gari ulilinunua wapi?"

"Hapahapa Iringa. Kwa mwalimu mmoja wa Kihesa. Kwa nini?"

Angeweza kunyamaza. Shimoni hakukuwa na mtu mwingine, na mpigo mmoja wa grainda ungeufuta mkia ule milele. Faustina aliliwaza hilo, na aliona aibu kwamba ameliwaza. Akapanda juu, akajifuta mikono.

"Ule mshono ni wangu," alisema. "Masega yako niliyatoa mimi."

Saulo alifungua mdomo akausahau wazi. Asukile aliweka kofia kichwani polepole.

"Si ulisema ni watu wa Mbeya?"

"Nilisema. Sasa nakula matapishi yangu, na ninyi wote mnaniona. Nisamehe, baba. Watu wa Mbeya nao wanisamehe."

Asukile hakucheka. Alitazama jua, ambalo lilikuwa limeshapita utosi, akatazama gari lake. "Dada, mimi sina shida na mwenye kosa. Mimi nina kesho asubuhi. Kopo zima tunapata wapi?"

Swali lilikuwa hilo. Jipya lilikuwa la kuagiza Dar es Salaam, siku tatu kama basi halikuchelewa. La mtumba lenye masega halikuwapo mjini. Magari ya namna ile karibu yote yalishatolewa masega, na Faustina alijua ni nani aliyeyatoa. Kisha macho yake yakaenda kwenye kona ya gereji, chini ya turubai, lilipoegeshwa gari lake mwenyewe.

Lilikuwa Prado ya toleo lilelile, ya bluu, aliyoinunua kwa masista ambao hawakuwahi kumruhusu fundi kulala chini yake bila sista mkuu kusimama pembeni. Hakuna aliyewahi kuligusa kopo lake. Ndilo gari lililokuwa tangazo lake la biashara: Jumapili alikuwa analiegesha chini kabisa ya dirisha la kanisa, na watu walishtukia tu Faustina ameshuka. Alilipenda gari lile. Alilifunua turubai, akapapasa boneti kama mtu anayeaga.

"Umechanganyikiwa?" Saulo alisema. "Lifunge lile la kwake lilivyo, mtu aende!"

"Nilimwahidi kwamba tembo hawatageuza sikio. Nipe grainda."

Walibadilishana makopo. La gari la bluu likaenda chini ya gari la Asukile, lile tupu likaenda chini ya la Faustina, maana bila kopo kabisa lisingeweza hata kutoka nje ya geti. Alishona taratibu kuliko alivyowahi kushona, na mwisho wa kila mshono akapinda mkia. Hakuuficha. Aliuacha mrefu kidogo. Asukile alipowasha, Faustina aliinamisha kichwa tena, akasikiliza, akasikiliza, kisha akanyoosha mgongo.

"Nenda," alisema. "Idodi utafika jua lingalipo."

Kesho yake Kihesa nzima ilijua kwamba Faustina anakwenda kanisani. Gari la bluu lilipanda kilima likipiga ngoma zake, mchungaji akakatiza tangazo akasubiri lizimwe, na kwaya ikageuka kutazama dirishani. Faustina aliingia kichwa juu, akaketi, akaimba sauti ya pili kama kawaida yake. Baada ya ibada alishawasha tayari aondoke pale simu ilipoanza kutetemeka kwenye siti. Alipokea, hakusikia kitu kwa kelele za gari lake. Ikabidi azime.

"Dada," alinong'ona Asukile.

"Nipe habari, baba. Vipi?"

"Sikiliza."

Faustina alibana simu sikioni. Alisikia upepo, ndege mmoja, halafu tawi likivunjika karibu kabisa, likatafunwa bila haraka.

"Wako hatua ishirini. Joachim yuko hapa pembeni yangu, anatabasamu."

"Gari umezima?"

"Linawaka, dada. Linawaka muda wote huu."

Faustina alifumba macho akasikiliza kimya kile cha gari la mtu, na machozi yakamtoka, akayaacha. Simu ilipokatika, Bertha, kiongozi wa kwaya, alikuwa ameegemea mlango, amekunja mikono.

"Haya, mama fundi. Na hili lako linalotuvuruga sala litapona lini?"

"Nikimaliza mengine," Faustina alisema. "Niliyaharibu kumi na mawili. Yamebaki kumi na moja, na moja ni la mchungaji. Langu litafuata."

Akalitia ufunguo, likanguruma, na waumini wakampisha njia.