Segundo Alibaki Kwenye Namba za Zamani

Ermelinda Huenupil alikuwa akimenya viazi mlangoni mwa jiko mpima ardhi wa serikali alipofika na chombo chake cha miguu mitatu begani. Alimkaribisha, akabandika birika la chai chungu ya kwao iitwayo mate, akamwomba apitie upande wa kushoto wa bustani.

"Kulia yupo mume wangu," alisema. "Usije ukamkanyaga."

Mpima huyo, Nibaldo Sanhueza, kijana wa Concepción, alitazama kulia. Katikati ya matuta ya viazi kilitokeza kichwa cha mwanamume wa makamo, kofia yake ya sufu imelowa manyunyu. Mabega yalionekana kidogo, sehemu nyingine ilikuwa ardhini. Kichwa kilikuwa kinatafuna.

"Habari za mchana, mzee," alisema Nibaldo.

"Salama tu. Hebu muulize huyo bibi, meza yangu kaihamishia wapi?"

Mwaka wa tetemeko kubwa, pwani yote ya Arauco iliruka hatua tatu kwenda magharibi na kupanda juu kiasi cha mita moja, pamoja na nyumba, ng'ombe na makaburi yake. Asubuhi ile Segundo alikuwa ameshuka ufukweni kumfungua farasi wa jirani, na bahari ikamchukua. Mwili wake haukupatikana. Msiba ulipokwisha alirudi nyumbani, saa ya chakula kama kawaida yake, ila alirudi pale meza ilipokuwa zamani. Meza yenyewe ilikuwa imekwenda na nyumba, ng'ambo ya ukuta, na kwa kuwa ardhi ilikuwa imepanda, kiti alichokalia kilikuwa chini ya udongo.

Ermelinda alimpelekea chakula kila siku. Wakati wa mvua alimfunika kwa mwavuli. Lakini ili kumtazama machoni ilimbidi apige magoti matopeni, na magoti yake yalikuwa yamechoka. Alitamani jambo moja tu: kukaa naye mezani, uso kwa uso, wagombane kuhusu chumvi.

Nibaldo alikunywa chai, akaeleza kilichomleta. Hati za viwanja vyote zilikuwa bado na namba za kabla ya tetemeko, zile za setilaiti zinazoonyesha kila pembe ya kiwanja iko wapi duniani, na kampuni ya misonobari iliyopakana na Ermelinda ilikuwa imezitumia namba hizohizo kuweka uzio upya. Namba zilibaki mahali pake, ardhi ilikuwa imehama. Kwa hiyo uzio uliingia hatua tatu ndani ya kiwanja chake na kumeza kisima. Mahakama ilikagua namba, ikaziona sahihi.

"Ukitia sahihi hapa, mama, kiwanja kinaandikwa kwa namba mpya, na urefu mpya kutoka usawa wa bahari," alisema. "Uzio unarudi nyuma. Kisima kinakuwa chako."

"Na namba za zamani?"

"Zinafutwa."

Ermelinda aliweka kisu chini. "Zunilda wa kule kijitoni alitia sahihi mwezi uliopita. Marehemu mama yake alikuwa akishona kando ya barabara, amezama hadi kiunoni, kwenye kibaraza cha zamani. Wino haujakauka, mama hayupo. Sindano tu ndiyo ilianguka."

"Nilikuwepo," alisema Nibaldo.

"Sasa hii ardhi haiwezi kurudi ilikotoka?"

"Inarudi. Vidole viwili kwa mwaka."

Ermelinda alihesabu kimoyomoyo, akaacha. Alikuwa na miaka sitini na minane.

"Basi rudi na karatasi zako, mwanangu. Sitii sahihi."

"Watakifunga kile kisima, mama. Kwa kufuli."

"Wakifunge. Wewe una mikono? Kuna sepetu mbili nyuma ya banda."

Nibaldo alivua koti. Walichimba mchana kutwa kumzunguka Segundo, ambaye alilalamika kuwa wanamtilia udongo kwenye supu. Kwanza kilionekana kifua, kisha mkono wenye kijiko, kisha kiti. Nibaldo alisimamisha chombo chake ukingoni, akasubiri setilaiti, akasoma.

"Bado vidole vinne, mama."

Wakachimba vidole vinne.

"Hapo. Hapo ndipo sakafu yenu ilipokuwa."

Waliing'oa miguu ya meza ili ipite mlangoni, wakaiteremsha shimoni, wakaipigilia tena. Nibaldo hakukubali kubaki kula. Katika taarifa yake aliandika kwamba mwenye kiwanja amekataa, na mahali pa sababu akapaacha patupu.

Wiki ile ile walinzi wa kampuni walikifunga kisima. Ermelinda akaanza kuteka maji kijitoni, njia ndefu, akiambaa na uzio huku ndoo zikimkata viganja.

Jioni moja alishuka shimoni kwa ngazi, akamwandalia Segundo samaki wa kukaanga na viazi, akaketi mbele yake. Macho yao yalikuwa sawasawa. Segundo alionja, akasema chumvi imezidi. Yeye akasema haijazidi. Kisha Segundo akamshika mkewe mikono, akaigeuza na kuviangalia viganja.

"Umefanya nini wewe?"

"Maji yamekuwa mbali."

"Mbali? Kisima kipo hapo nyuma ya nyumba, bibie. Nimekichimba mwenyewe."

"Ndiyo," alisema Ermelinda. "Kula, samaki anapoa."